Irabu za Kiingereza: anza na sikio

Mwalimu mwenzangu, kama unafundisha Kiingereza hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi ya Uganda, usianze kwa kuimbisha darasa a, e, i, o, u. Wanafunzi wetu wengi wametoka Kongo na herufi hizo wanazijua tangu zamani, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Hapo ndipo penye shida. Kiswahili kina irabu tano, kila herufi na sauti yake. Kiingereza kinazibebesha herufi hizohizo sauti zipatazo 20, ukihesabu kwa matamshi ya Uingereza. Ukianzia ubaoni, mwanafunzi atasoma 'table' na 'village' kama alivyozisoma Bukavu kwa Kifaransa, na huna la kumlaumu, maana zimeandikwa vilevile.

Mimi mwanzoni chaki naiweka kando. Nasema 'ship', nasema 'sheep', huku nimeziba mdomo kwa daftari, kwa sababu midomo hutoboa siri: kwenye 'sheep' inatanuka kama ya mtu anayetabasamu. Akisikia ya kwanza, mwanafunzi anainua mkono wa kushoto. Ya pili, wa kulia. Hatamki kitu mpaka mikono iache kubahatisha. Waliokulia kwenye Kiganda huwahi kujibu, wamezoea 'okusiba' na 'okusiiba', maneno mawili yanayotofautishwa kwa kuvuta irabu, ila hudhani tofauti ni kuvuta tu. Waambie kwenye 'ship' ulimi pia unashuka kidogo na kulegea.

Halafu kuna ile sauti hafifu ya mwanzo wa 'about' na mwisho wa 'teacher'. Sisi kila silabi tunaipa haki yake. Mwingereza hukaza moja, nyingine anazimeza. Nagonga dawati kwenye silabi nzito peke yake: 'banana', pigo moja, katikati.

'Desk' ikitoka 'desiki' sihangaiki sana, inaeleweka. Wala simtafutii mtu lafudhi ya London. Hapa Uganda wengi hawatenganishi 'ship' na 'sheep' na mazungumzo yanakwenda. Zoezi lile ni la kunoa sikio.

Ninapokaza kamba ni kwenye 'thirteen' na 'thirty', maana shilingi elfu 13 na elfu 30 si pesa za kuchanganya. 'Thirty' hukazwa mwanzoni na mwisho wake ni mfupi. 'Thirteen' mwisho unavutwa, na 'n' isikike. Nawapanga wawiliwawili, mmoja muuza maharage, mwingine mnunuzi. Muuzaji anataja bei mara moja tu, mnunuzi anaandika alichosikia, ndipo wanaonyeshana daftari.