Muulize Fundi: Fremu inajipinda nikishaisawazisha

SWALI: Fundi habari za kazi. Nachomelea fremu za kubebea mashine, pleti za chuma laini cha kawaida, unene milimita 40. Nikimaliza inaenda kwenye milingi (mashine ya kuchonga chuma), uso unachongwa unakuwa sawa kabisa, lakini ukilegeza klempu tu fremu inajipinda, ukiweka rula unaona mwanya katikati. Nikaambiwa nipashe mistari ya weldi kwa gesi mpaka iwe nyekundu. Nimepasha, na mara hii imezidi kupinda. Shida nini?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Shida ni mkazo uliobaki ndani ya chuma. Weldi ikipoa inataka kusinyaa lakini pleti baridi iliyo pembeni inaikatalia, basi weldi inabaki inavuta na pleti inabaki inasukuma, na huo mvuto unaweza kufika kabisa kiwango ambacho chuma chenyewe kinaanza kuvutika bila kurudi. Kwa macho fremu imetulia kwa sababu pande mbili zinalingana nguvu. Sasa milingi inapokula milimita kadhaa za juu imeondoa upande mmoja wa huo mvutano, kilichobaki lazima kitafute mkao mpya, ndo hapo unaona mwanya.

Kuhusu gesi, aliyekushauri alijua joto linasaidia ila hakukwambia joto la namna gani. Ukipasha mstari mmoja mpaka ukawa mwekundu huku pleti yote ya jirani ni baridi, umerudia kilekile weldi ilichofanya, sehemu moto itasinyaa ikipoa na utakuwa umeongeza mkazo mpya juu ya ule wa zamani. Kinachotakiwa ni fremu NZIMA ipande joto pamoja, ikae, na ishuke pamoja.

Chuma laini kinapelekwa nyuzi 600 hivi mpaka 650 za Selsiasi. Kwenye joto hilo uimara wake unashuka chini ya nusu ya ulivyo kikiwa baridi, na mkazo hauwezi kuzidi uimara wa chuma kinachoubeba, kwa hiyo unajilegeza wenyewe, halafu kadiri kinavyokaa kwenye moto kinaendelea kutambaa, yaani kuvutika kidogo kidogo, na mkazo unazidi kupungua. Usivuke 700, maana ukikaribia 727 muundo wa ndani wa chuma unaanza kubadilika na hiyo si kazi tuliyoitaka.

Kwa pleti zako za milimita 40 ningefanya hivi. Ingiza kwenye tanuri likiwa bado halijapamba moto, ukishapita nyuzi 400 panda kwa nyuzi 130 kwa saa, usizidishe, ukifika 610 shikilia saa moja na dakika 40 (kanuni ni saa moja kwa kila milimita 25 za unene), kisha shusha kwa nyuzi 150 kwa saa mpaka chini ya 400, baada ya hapo unaweza kuitoa ikapoa kwenye hewa iliyotulia. Hapa kwenye kushusha ndo watu wengi wanaharibu, wamechoka wanafungua mlango wa tanuri mapema, nje inapoa haraka ndani bado moto, mkazo unarudi. Tafadhali usifungue. Na joto lisomwe kwa themokapo (nyaya za kupimia joto) zilizogusa chuma chenyewe, moja sehemu nene moja sehemu nyembamba, hewa ya tanuri inafika 610 mapema kuliko chuma.

Mambo mawili zaidi. Fremu iegemee sehemu nyingi, kwa sababu kwenye 600 inaweza kulegea na kubonyea kwa uzito wake yenyewe. Na kama kuna bomba la mraba lililozibwa pande zote toboa tundu la kupumulia kabla haijaingia, hewa iliyofungiwa itafika shinikizo karibu mara tatu, na kukiwa na maji ndani inaweza kupasuka ikaumiza mtu, hili nasisitiza sana.

Mpangilio uwe: chomelea, nyoosha kama imepinda, tanuri, ndipo milingi. Tanuri halinyooshi kilichopinda, linakifanya kitulie tu kama kilivyo.

SWALI: Na tangi la stenlesi, yale ya kawaida yasiyonasa sumaku, nalo nilipeleke kwenye joto hilohilo?

JIBU: Hapana, usifanye hivyo kabisa. Stenlesi ya aina hiyo ikikaa kati ya nyuzi 425 na 850 kromiamu, ile metali inayoizuia isishike kutu, inaungana na kaboni kwenye mipaka ya chembe za chuma, pembeni yake panabaki pamepungukiwa kromiamu na kutu inapita hapohapo. Utatoa mkazo lakini tangi litaoza kwa kufuata mipaka hiyo. Punguza mkazo wakati wa kuchomelea: ampea ndogo, vipande vifupi vifupi ukiruka huku na huku, na uache kipoe kati ya mstari na mstari.