Kifaru wa Babu au Kifaru cha Babu?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu. Babu yetu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni la Afrika Mashariki, akapigana na Mjapani kule Baama (Burma). Alituachia kopo la Kimbo lenye nyota moja ya shaba na utepe wake, pamoja na picha aliyopigwa studio akiwa na sare. Siku zote alijiita "mtu wa kifaru", nasi tukajua aliendesha kifaru; hata siku ya mazishi wasifu wake ulisomwa hivyo. Binamu yangu anasema faili zote za vita siku hizi ziko kwenye intaneti. Nimekesha saiba wiki mbili nikitafuta jina lake katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza na katika orodha ya makaburi ya vita. Hakuna kitu. Je, Wazungu walichoma majina ya watu wetu? Na bila faili tutadai vipi fidia? – Mjukuu wa Keya, Kayole

JIBU: Mjukuu wa Keya, barua yako niliisoma ndani ya matatu nikacheka peke yangu, hadi kondakta akanitazama. Sikukucheka wewe. Nilikuwa nacheka ngeli.

Kifaru ni gari la vita, sawa. Lakini kabla ya gari kulikuwa na mnyama. Vijana wengi wa huku waliopelekwa Baama walikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na nembo ya divisheni hiyo ilikuwa kichwa cha kifaru, yule wa mbugani mwenye pembe. Babu angesema "kifaru wetu" mngejua ni mnyama. Angesema "kifaru chetu" mngejua ni gari. Shida ni kwamba Kiswahili cha Keya hakikujisumbua na mambo hayo. Askari alisema "kifaru yetu" na safari ikaendelea. Kwa hiyo mimi naona babu yenu hakuendesha chochote. Alitembea. (Shangazi zako wapewe habari hii taratibu, baada ya chai.)

Na mwendo wenyewe haukuwa wa mchezo. Agosti 1944 divisheni hiyo ilianza kuwafukuza Wajapani kushuka bonde la Kabaw, mvua za kule zikiwa zimechachamaa, njia zimegeuka uji na malaria inaangusha watu kuliko risasi. Desemba 2 wakaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin, na hapo wahandisi wakatandaza daraja la kuelea la urefu wa takriban mita 350. Kama babu alikuwa na neno lolote kuhusu tope au mto mkubwa, liandikeni leo. Hilo ni ushahidi.

Sasa jina. Orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ni ya waliokufa. Babu alirudi, akamzaa baba yako, nawe ukazaliwa ukaja kunisumbua. Kumkosa mle ni heri.

Huko London ulikosea mlango. Katalogi ya mtandaoni kwa kawaida husoma kichwa cha faili, haisomi tumbo lake. Faili likiitwa "11 King's African Rifles" na ndani mna majina mia, wewe ukiandika jina la babu utaambiwa hapana kitu. Tafuta kikosi, usitafute mtu. Shajara za vita, yaani daftari za kila siku za vikosi, za upande wa Baama ziko katika mfululizo wa WO 172, na sehemu kubwa haijapigwa picha. Utaona kichwa tu, karatasi zenyewe ziko Kew, mtaa wa London iliko hifadhi hiyo. Tena usitarajie mengi: mara nyingi ofisa Mzungu akiumia anatajwa kwa jina, askari anahesabiwa. Zilizopigwa picha ni WO 373, mapendekezo ya nishani za ushujaa. Mle mna majina ya askari wetu, namba zao na alichofanya kila mmoja. Jaribu humo, lakini jaribu tahajia zote. Mjomba wa mama yangu aliitwa Kyalo. Nilimtafuta miaka minne, nikampata akiwa "Chalo", na sikumpata London. Nilimpata katika faili la DC wa Machakos, pale pale Akaivu, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa yetu, Moi Avenue Nairobi, jengo ambalo kila siku tunapanga kukutana mbele yake na hatuingii. Nenda na kitambulisho, pita michoro ya Murumbi, kisha uliza faili za wilaya alikozaliwa babu, miaka ya 1939 hadi 1947. Yangu yalianza na herufi DC/MKS. Mafaili ya wilaya ndiyo yenye barua za wake za askari wakidai pesa zao.

Nyota usiihangaikie. Nyota za vita vya pili Waingereza walizitoa kwa askari wetu bila jina, kwa hiyo usiikwangue mgongo wake. Medali za vita vya kwanza ndizo zilizochorwa jina na namba ukingoni.

Kuhusu kuficha, si bure unashuku. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na mafaili ya makoloni yaliyofungiwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Leo yako Kew, mfululizo FCO 141. Lakini yale ni ya utawala. Hayakuwa masanduku ya askari wa kawaida.

Fidia sitakudanganya: usimpe mtu shilingi. Mimi niliwahi kumlipa kijana mmoja elfu tatu aniletee "faili la London", akaniletea kurasa saba alizochapa kutoka intaneti, na moja ilikuwa juu chini.

Kwa sasa chukua ile picha ya studio uipeleke mwangani, ukiwa na kioo cha kukuzia. Tazama begani. Ukiona pembe, tazama na kofia pia, kisha niandikie ulichoona.