Jibu: Treni iko kilomita 20 kutoka stesheni, kwa nini majibu ni mawili?

Mdogo wangu, swali lako linasema treni imetoka Tabora saa 2 asubuhi kuelekea Kigoma kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na stesheni iko kilomita 60 mbele. Ni lini itakuwa kilomita 20 kutoka stesheni? Wewe umepata saa 4 tu. Hesabu yako ni sahihi, ila umeacha nusu ya jibu.

Baada ya muda t (idadi ya saa tangu iondoke) treni imesafiri kilomita 40t, kwa hiyo:

|40t − 60| = 20

Zile pau mbili zinapima umbali tu, hazijali upande. Jiweke pale stesheni: treni inakuwa kilomita 20 kwako ikiwa inakuja, na tena ikishakupita.

40t − 60 = −20, t = 1, yaani saa 3.
40t − 60 = 20, t = 2, yaani saa 4.

Wengi husahau ule mstari wa hasi. Lakini usiupokee bila kuukagua! Wangeuliza kilomita 80, ungepata t = 3.5 na t = −0.5. Hiyo −0.5 ni nusu saa kabla treni haijaondoka, itupe.