Maswali ya Wasomaji: Uwanda wa Kando ya Mto

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatafsiri kitabu kidogo cha historia ya Uskoti kwa ajili ya wanafunzi wangu, nami nimekwama kwenye neno haugh, ambalo kamusi inaeleza kuwa ni ardhi ya majani iliyo chini, kando ya mto. Je, niandike mbuga? Mwalimu, Bahi.

JIBU: Ndugu Mwalimu, nakusihi usiandike mbuga. Neno hilo ni la Kiskoti, na husikika pia kaskazini mwa Uingereza. Waskoti hulimalizia kwa sauti ya kooni, ile tunayoisikia mtu anapotamka kheri kwa makini. Chimbuko lake ni healh la Kiingereza cha Kale, yaani pembe au kona ya ardhi, na maana hiyo inaeleweka ukiutazama mto unavyojipinda, kwa kuwa kwenye pindo lake ndipo hubaki kipande cha ardhi tambarare ambacho mafuriko hukifunika, hukiachia tope lenye rutuba, kisha maji hurudi mtoni.

Mbuga ya wakulima wa Dodoma ni kitu kingine. Ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao mvua zikinyesha hushika maji yakatuama, na kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza kiganja cha mkono. Zaidi ya hayo, mwanafunzi wa leo akisoma mbuga huwaza twiga na tembo. Bonde nalo ni pana mno, maana hujumuisha hata miteremko ya pande zote mbili.

Ningeandika uwanda wa kando ya mto. Wanafunzi wako wakiwahi kusimama ukingoni mwa Mto Bubu baada ya maji kupungua, wakaona tope jipya lililotandazwa juu ya majani, hawatahitaji maelezo marefu.

Majina ya mahali, hata hivyo, yaache yalivyo. Philiphaugh, karibu na mji wa Selkirk, ambako jeshi la Montrose, jemadari wa upande wa mfalme, lilishindwa tarehe 13 Septemba 1645, libaki Philiphaugh. Vivyo hivyo Sauchiehall Street ya Glasgow, ingawa hapo ni rahisi kupotoka: hall ya jina hilo si ukumbi, bali ni haugh iliyobadilika midomoni mwa watu, na jina zima lilimaanisha uwanda wenye mierebi. Maelezo hayo yanatosha kuwekwa mara moja, chini ya ukurasa ambapo jina linatokea kwanza.