Wakikwambia kitabu chako cha kwanza kilikuwa kizuri kuliko cha pili

Wiki jana dada mmoja wa Ruiru, anaandika vitabu vya watoto kama mimi, alinitumia meseji ndefu sana, ile ya kuandikwa usiku wa manane. Kitabu chake cha pili kimetoka, na mzazi mmoja akaweka kwa grupu ya wazazi ati "cha kwanza kilikuwa moto, hiki sijui", wazazi wengine wakabonyeza dole gumba, basi. Sasa anauliza kama anafaa kuacha kuandika. Ati labda Mungu alimpangia kitabu kimoja tu.

Nilimjibu inboksi lakini hii mambo inatuhusu sote, na najua nyinyi mnaonisoma hapa ama mmeshatoa kitabu ama kiko kwa laptopu mnakiogopa, so wacha niwaambie venye ilinipata mimi na kitabu changu cha pili cha zimwi. Na niseme mapema, bado inaniuma.

Kwa wageni: kitabu cha kwanza ni cha zimwi anaitwa Mzee Kishindo ambaye ameacha kula watu, si kwa roho nzuri, ni juu ana gauti na mganga wa huko chini amemkataza nyama nyekundu. Anaishi chini ya mtaa wa Umoja, hapa Nairobi. Unaingilia kwa shimo la maji taka ambalo kifuniko kiliibiwa, na watoto wawili wanaanguka humo wakifuata mpira. Kilienda vizuri, sitajifanya mnyenyekevu hapa. Siku moja nikakikuta mtumba kwa lami pale Moi Avenue, kimelazwa katikati ya vitabu vya hesabu, mtoto fulani amemchorea Mzee Kishindo masharubu na miwani kwa jalada, na kwangu hiyo ilishinda tuzo yoyote ambayo sijapewa.

Mambo ya mhariri, mchoraji na printa naruka. Mnayajua, yanachosha.

Cha pili kikatoka kabla shule zifunguliwe Januari na maoni yakaanza kuingia, mengine kwa voisinoti za dakika sita, mwingine ananipigia kabisa niko kwa mathree (matatu) ya Buruburu nashikilia chuma. Bei ni ghali (vitabu viliwekewa VAT ya asilimia 16 mwaka 2013, mimi sijaweka hiyo, muulize mbunge wako). Michoro imepungua. Mbona hakuna maswali ya ufahamu mwisho wa sura. Na ile wimbo yenyewe, ambayo utaisikia mpaka uzikwe: cha kwanza kilikuwa kizuri zaidi.

Sasa hebu fikirieni kidogo kwa nini wanasema hivyo, juu si uchawi. Kwa kitabu cha kwanza mtoto anatarajia zimwi lile watu, halafu linatoa githeri, mahindi na maharagwe tu. Anacheka kwa kushtuka. Kwa cha pili ashajua kuna githeri. Hakuna mshtuko. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini hakuna mhenga aliyeahidi kwamba zimwi likujualo litakuchekesha. So ukirudia ile ya gauti mara ya pili imekufa, lazima kicheko kitoke mahali pengine, kitoke kwa tabia ya huyo mzee, venye anajisifu, venye anaogopa mamake, venye anadanganya. Hiyo ni kazi ngumu kuliko ya kwanza na hakuna mzazi atakushukuru kwa kuifanya, atasema tu "sijui, hiki hakikunishika".

Ushauri wangu hapo: soma kwa sauti. Tafuta watoto, keti nao, soma, na usiangalie karatasi, angalia watoto.

Mimi huenda Jumamosi kusomea watoto kwa maktaba ya Kaloleni, ile ndogo ambayo ni tawi la Maktaba ya McMillan ya katikati ya Nairobi, na nimejifunza huko kuliko kwa rivyu zote zikiwekwa pamoja. Mtoto hana adabu ya uongo. Ikiboa ataomba kwenda choo, na akienda mmoja wanaenda kumi. Kuna jini mlinzi wa shimo, na kwa kitabu cha kwanza alikuwa analia kila siku juu ya kifuniko chake kilichoibiwa. Nilikuwa naandika wakati ule serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, Januari 2022, mkikumbuka ilidumu mpaka Mei, so jini anasikia hiyo habari kwa redio, anajua sasa mwizi wa vifuniko hana pa kuuza, na anafanya sherehe, anaalika majini wote wa Eastlands. Wakati huo watu walicheka hadi wakalia. Kwa cha pili nikaendeleza, kifuniko kinarudi. Kimya. Watoto wananiangalia tu. Hawa wa gredi ya tatu sai, wakati huo walikuwa nyumbani ama PP1 ya chekechea, marufuku gani watajua wao? Wazazi wao kule nyuma ndio walicheka. Utani wa habari za saa moja hauna maisha marefu, na kitabu cha pili kwa kawaida ndicho kaburi lake.

Na mtoto mwenyewe pia hakungoji. Huyu aliyesoma cha kwanza akiwa gredi ya tano, wewe ukiendelea kutafuta pesa ya printa, yeye ashaingia JSS, sekondari ya chini, amevaa suruali ndefu, na hawezi kuonekana na kitabu cha zimwi mbele ya wenzake. Mpwa wangu ambaye alilala na cha kwanza chini ya mto aliniambia kuhusu cha pili, "Anti, ni poa, lakini ni ya watoto." Si kitabu kimeharibika hapo. Ni miguu yake imerefuka.

Haya, tufike kwa ile inaniuma.

Kitabu cha pili kina ugonjwa mmoja, ule ukurasa wa kwanza wa "kama mtakavyokumbuka". Ukikumbusha sana aliyesoma cha kwanza anachoka, usipokumbusha aliyeanzia cha pili anapotea. Nilikaa na hiyo shida usiku mwingi. Mwisho nikapata dawa na nitaisema hapa bure kwa sababu sijaona mtu mwingine Umoja akiifanya: nikampa Mzee Kishindo asimulie kitabu cha kwanza mwenyewe, na adanganye. Anasimulia mbele ya mazimwi wenzake akiwa na uji. Anasema aliokoa watoto elfu moja, na walikuwa wawili. Anasema alipigana na chatu wa vichwa saba, na kwa kitabu cha kwanza ilikuwa bomba la maji lililopasuka. Anasema yeye ndiye aliyeacha nyama kwa hiari yake, kama shujaa.

Kaloleni niliposoma hapo sikumaliza aya. Watoto waliosoma cha kwanza walisimama. "Muongo! Anti, huyo ni muongo! Ilikuwa bomba!" Mmoja alikuja mbele kabisa kuonyesha wengine kwa kitabu cha kwanza mahali bomba limechorwa, na wale wageni wakajua hadithi yote hapo hapo, kutoka kwa midomo ya wenzao, bila mimi kueleza kitu. Nilienda nyumbani nikitembea kama mtu ameshinda uchaguzi.

Halafu mtu mzima mmoja, simtaji, anajiita mpenzi wa fasihi, akaandika rivyu ndefu yenye lugha safi sana ati mwandishi amesahau hadithi yake mwenyewe. Ameorodhesha. Kitabu cha kwanza watoto wawili, cha pili elfu moja. Cha kwanza bomba, cha pili chatu. Akamalizia kwamba waandishi wetu wana haraka ya pesa na wahariri wamelala. Ikazunguka. Nikaipata kwa grupu tatu tofauti, moja ni ya chama chetu cha akina mama ambako hakuna mtu hata amewahi kuniuliza naandika nini, na hapo ndo wakajua, kupitia hiyo rivyu.

Mtoto wa miaka minane alijua zimwi linadanganya. Huyu msomi na digrii zake hakujua.

Sikujibu. Jibu liko kwa simu yangu mpaka leo, kwa noti, na kuna siku nikiwa kwa foleni ya benki nalifungua nalirekebisha kidogo, limekuwa zuri sana enyewe, lina methali mbili na shairi. Silitumi. Nakushauri na wewe usitume, andika, rekebisha, weka. Ukijibu mtu wa rivyu kwa grupu, watu watasahau kitabu wakumbuke vita.

Kuna mwalimu pia, shule siitaji, alinirudishia nakala na alama za kalamu nyekundu penye watoto wanaongea Sheng. Ati itaharibu insha. Mwalimu wangu, na heshima zote, umeona zimwi linaongea aje? Mzee Kishindo ameishi chini ya ardhi miaka mia mbili, anaongea Kiswahili sanifu kama kamusi imemeza mtu, "enyi vijana, ni lipi lililowaleta katika makao yangu haya?" na Chao, mmoja wa wale watoto, anamjibu "Mzae, tunado tu kusaka bolo," yaani mpira. Utani wote uko hapo katikati! Ukitoa Sheng unabaki na watu wawili wanasalimiana. Na jambo lingine, mtoto wa Nairobi hutoka kwa hicho kitabu akijua maneno kama "lililowaleta" juu ameyacheka. Mwambie ayakariri uone kama atayakumbuka.

Kwa wale wazazi wa "unafundisha watoto mapepo", nimewasikia, mmoja aliniombea kwa simu nikashukuru. Lakini hadithi za mazimwi ni sehemu ya fasihi simulizi inayofunzwa shuleni, na kabla ya shule zilikuwa kwa nyanya zetu jioni, paukwa, pakawa. Nyanya yangu alikuwa mtu wa kanisa kabisa na zimwi lake lilikuwa linakula watu bila gauti. Hapa sitarudi nyuma hata inchi.

So dada wa Ruiru, na nyinyi wengine mnaonyamaza huko nyuma: maoni ya kitabu cha watoto kwanza uliza ni mdomo wa nani. Mtoto hana simu, hana grupu, haandiki rivyu. Ile unasoma ni ya mzazi ambaye alisoma akipika chapati, ama hakusoma kabisa, aliona mtoto ameacha kitabu kwa kochi akafanya hesabu yake. Muulize, kwa upole, "mtoto aliachia wapi?" Akikupa ukurasa, mshukuru sana, hiyo ni dhahabu, nenda huo ukurasa usome kwa sauti utaona mwenyewe mahali gari lilizima. Asipokuwa na ukurasa, hana maoni, ana hali ya hewa.

Na ile dada wa Ruiru aliniuliza kuhusu yule kuku wa vitabu vyake aliyekufa, kama amfufue kwa cha tatu juu watoto wanamlilia: usimfufue. Wakimlilia ni kwamba ulimwandika vizuri. Mlete kuku mwingine ambaye ana wivu na huyo marehemu, kila akitaga anaambiwa "si kama yule". Watacheka, na utakuwa umewajibu hao wazazi wako wa cha kwanza kilikuwa moto bila kutaja jina la mtu. Tena soma kwa sauti. Najua nimesema. Nasema tena juu najua hamtafanya, mtatuma kwa rafiki mwenye digrii awaambie ni nzuri, na atawaambia ni nzuri.

Wale mnauliza cha tatu cha Kishindo kitatoka lini, nimefika penye mamake anakuja kutoka Kitui na basi la usiku, na anataka kujua mbona mwanawe amekonda. Watoto wa Jumamosi wameshaanza kunisukuma. Wasichana wanataka zimwi lioe. Wamenitafutia hadi bibi harusi, yule jini wa mtaro wa sura ya nne. Haoi. Nimewaambia mara nyingi haoi, ana miaka mia mbili na mguu mbaya, na wao wananiambia tu, "sawa Anti, lakini harusi iwe Disemba."