Kadi za 10G kwenye bakapu za mashine pepe: anza na upande unaopokea

Mkuu, umesema una hosti tatu za ESXi (mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe) zenye SSD za ndani, seva moja ya Veeam (programu ya bakapu), NAS (kisanduku cha diski cha mtandaoni) ya diski nane, vyote kwenye mtandao wa gigabiti 1, na bajeti inayotosha kadi nne za mtandao za 10G, yaani gigabiti 10, na swichi ndogo. Unauliza kadi ziende wapi. Nimesimamia mazingira yanayofanana sana na hayo hapa Dar, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapima mwenyewe. Usizigawe kadi kabla hujajua data inapita njia gani kutoka diski ya mashine pepe hadi diski ya NAS. Njia ikibadilika, na jibu linabadilika.

Tuanze na hesabu. Gigabiti 1 ni MB 125 kwa sekunde kwenye karatasi. Kazini unapata kama 110. Bakapu kamili ya TB 6 kwa kasi hiyo inakula saa 15. Lakini bakapu ya kila usiku inachukua mabadiliko tu, tuseme GB 150, na hiyo inamalizika ndani ya dakika 23 au 25 hata kwa gigabiti 1. Kwa hiyo kama malalamiko yako ni ya bakapu za usiku, kadi mpya hazitakusaidia kitu. Kinachodai kadi ni bakapu kamili, na zaidi ya yote ni siku ya kurejesha.

Sasa fungua takwimu za kazi yako ya mwisho iliyokuwa kamili. Veeam inaandika mstari wa Load wenye asilimia nne za jinsi kila hatua ilivyolemewa: Source (chanzo), Proxy (proksi, mashine inayosoma data na kuiandaa), Network (mtandao), Target (hifadhi ya bakapu). Watu wengi wakiona Source 98% na Network 10% wanasema mtandao uko salama, diski za hosti ndizo nzito. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Network katika mstari ule ni kipande cha kutoka proksi kwenda hifadhi ya bakapu peke yake. Kama proksi yako ni ile seva ya Veeam na inasoma kwa njia ya NBD (kusoma diski kupitia mtandao), data inatoka kwenye hosti kupitia mtandao wake wa usimamizi, na ucheleweshaji wa waya huo wote unahesabiwa chini ya Source. Kwetu Source ilikuwa juu hivyo hivyo, na SSD zilikuwa hazifanyi kazi hata robo ya uwezo wake.

Kitu cha pili ambacho hakisemwi sana: kubana data kunafanywa na proksi. Kwa kawaida kipande cha hosti hadi proksi kinabeba data ghafi, na kipande cha proksi hadi hifadhi kinabeba data iliyokwisha kubanwa, mara nyingi karibu nusu. Maana yake ukibaki na NBD, kadi ya kasi inahitajika zaidi kwenye kipande cha kwanza, yaani hosti zote tatu pamoja na seva ya Veeam. Kadi zako nne zimeisha, na NAS imebaki na gigabiti 1.

Ndiyo maana kabla ya kununua chochote ningekushauri ubadilishe njia. Weka mashine pepe ndogo ya proksi ndani ya kila hosti, itumie HotAdd. Diski zako ni za ndani, kwa hiyo lazima kila hosti iwe na ya kwake. Proksi inaunganishiwa diski ya mashine inayobakapiwa, inasoma SSD moja kwa moja, inabana data hapo hapo, halafu inatuma kilichobanwa. Gharama yake ni kora chache za CPU na RAM kidogo. Kwetu badiliko hili peke yake lilifupisha bakapu kamili kuliko nilivyotarajia, na hakuna waya uliochomolewa.

Angalizo moja: ukiingia kwenye Windows ya hiyo proksi utaona kadi inasema 10 Gbps. Usifurahi. Hiyo ni VMXNET3, kadi ya kuigiza, inaandika 10 Gbps hata kama waya unaotoka kwenye hosti ni wa gigabiti 1.

Ukishafanya hivyo, hesabu inahama. Hosti tatu, kila moja ikituma MB 110, ni MB 330 kwa sekunde zinazokutana kwenye mlango mmoja wa MB 110. Hapo ndipo kadi ya kwanza inapokwenda, upande unaopokea. Kama NAS yako imeunganishwa kwa SMB (njia ya kushirikisha mafaili mtandaoni) na data inapitia seva ya Veeam kwanza, basi ni kadi mbili, moja kwenye seva na moja kwenye NAS; ukiweka moja tu umehamisha msongamano hatua moja mbele. Na hakikisha NAS yenyewe ina nafasi ya kuchomeka kadi, nyingi ndogo hazina. Ikiwa haina, mimi ningehamishia diski zile nane ndani ya seva yenyewe, nikazifomati kwa mfumo wa mafaili wa XFS yenye reflink au wa ReFS. Kipande kizima cha mtandao kinafutika, na ile kazi ya kuunganisha bakapu za mabadiliko na ile kamili inakuwa nyepesi mno, kwa sababu vipande vya data vinarejelewa badala ya kunakiliwa upya. Hilo hakuna kadi inayoweza kulifanya.

Kadi zinazobaki ziweke kwenye hosti, ukianza na ile utakayorejeshea hifadhidata kubwa. Mashine ya TB 2 kurudi kwenye hosti moja yenye gigabiti 1 ni saa 5, na siku hiyo bosi amesimama mlangoni. Tena ukitumia Instant Recovery, mashine inaendeshwa kutoka kwenye hifadhi ya bakapu kupitia mtandao huo huo, watumiaji wakiwa ndani. Kwangu hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kununua kadi.

Usijidanganye na kuunganisha nyaya mbili kwa LACP ili zihesabike kama waya mmoja. Mtiririko mmoja wa data unapita waya mmoja tu, wa pili unakaa bure.

Kabla ya pesa kutoka, endesha iperf3 (programu ya kupima kasi ya mtandao) kati ya kila proksi na seva. Gigabiti iliyo nzima inatoa kama Mbps 940. Ukiona 94, lango limeshuka hadi Mbps 100, na mara nyingi ni kebo ambayo jozi mojawapo imekatika au kichwa kimebanwa vibaya. Hiyo dawa yake ni kebo mpya, wala si kadi ya 10G. Kisha pima NAS inaandika kwa kasi gani kwa faili kubwa kuliko RAM yake, vinginevyo unapima kumbukumbu.

Ukinunua kadi zilizotumika, soma orodha ya VMware ya vifaa vinavyokubalika kwanza. ESXi 7.0 iliacha madereva ya zamani ya vmklinux, na ESXi 8.0 ikaacha kadi za ConnectX-3 ambazo zimejaa sokoni kwa bei rahisi. Ukishazifunga, endesha esxtop, bonyeza n, uangalie wakati bakapu inakimbia kama data inapita vmnic (kadi ya hosti) mpya kweli. Nimewahi kuikuta inaendelea kupita ile ya zamani kwa sababu proksi ilikuwa bado imefungwa kwenye swichi pepe ya awali.

Weka hapa ule mstari wa Load na matokeo ya iperf3, tuone kama NAS yako inastahili kadi au inastahili kuvuliwa diski.