Kwota au ushuru: nyongeza ya bei inaingia mfuko wa nani?

Swali: Nasoma uchumi wa biashara. Tumefundishwa kwamba serikali inaweza kulinda viwanda vya nguo kwa ushuru wa forodha au kwa kwota, yaani kikomo cha idadi ya bidhaa zinazoruhusiwa kuingia, na kwamba kwa vyovyote bei hupanda. Sasa tofauti ni nini?

Jibu: Bei inaweza kupanda sawasawa kabisa. Cha kutazama ni nani anayechukua nyongeza.

Chukua shati linalofika bandarini kwa dola 10. Likitozwa ushuru wa asilimia 30, litauzwa 13, na zile dola 3 zinakwenda hazina. Tuseme sasa ushuru haupo, ila serikali imeruhusu idadi fulani tu ya mashati. Mashati yanaadimika, wanunuzi wanayagombania mpaka bei inafika 13 ileile. Bandarini bado ni 10. Dola 3 anazitia mfukoni mwenye kibali cha kuuza ndani ya idadi hiyo, ambaye hajashona hata kifungo. Chini ya Mkataba wa Nyuzi Mbalimbali, uliotawala biashara ya nguo kuanzia 1974 hadi mwisho wa 1994, vibali walikuwa navyo wauzaji, kwa hiyo faida hiyo ilibaki nchi zinazouza. Huko Hong Kong kibali chenyewe kilikuwa kinauzwa na kununuliwa.

Kwota pia huwabadilisha watu mwenendo. Ukihesabu vipande, muuzaji anaacha fulana za bei ya chini na kuleta mashati ya ghali, maana kila kipande kinakula nafasi moja. Ukiibana nchi moja, kazi inahamia jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Daewoo ya Korea Kusini, ambako kwota zilikuwa zinabana, ilishirikiana na kampuni ya Desh ya Bangladesh, nchi ambayo haikuwa na kikomo. Wafanyakazi wapatao 130 walipelekwa Korea kujifunza kushona na kusimamia kiwanda. Leo Bangladesh ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nguo duniani.

Baada ya mkataba ule kuisha, kwota zake ziliondolewa kwa awamu, za mwisho zikafutwa tarehe 1 Januari 2005. Miezi michache baadaye Ulaya ikaiwekea China vikomo vipya, na kufikia Agosti mamilioni ya sweta na suruali yalikuwa yamezuiliwa bandarini. Mengi yalikuwa yameagizwa kabla ya vikomo kutangazwa. Wenye maduka ndio walioumia.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulisahau, nami naliona zito kuliko yote: uliza kikomo kimewekwa hatua gani. Uzi, kitambaa na nguo iliyoshonwa ni bidhaa tatu tofauti. Ukizuia kitambaa ili kumlinda mfumaji, umempandishia gharama mshonaji wa nchi hiyohiyo, na mara nyingi washonaji ndio wenye ajira nyingi zaidi. Ningekuwa mshauri, ningechagua ushuru unaojulikana kiwango chake, wenye tarehe ya kuisha iliyotangazwa tangu siku ya kwanza, ili mwenye kiwanda ajue ana miaka mingapi ya kubadilisha mashine zake.